Jadotville, Septemba 1961: kambi ilishikiliwa, daraja likakosekana

Kisa kwa ufupi

Kombania moja ya jeshi la Ayalandi, watu wapatao 155 chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, ilizingirwa nje ya mji wa Jadotville, katika jimbo la Katanga, Kongo, kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961. Ilipigana mpaka maji na risasi vikakaribia kwisha, kisha ikaweka silaha chini. Watano walijeruhiwa. Hakufa hata mmoja. Mji wenyewe siku hizi unaitwa Likasi, na Kiswahili ndicho kinachozungumzwa sokoni na vituoni, ingawa sisi wa huku pwani tunakijua kisa hiki kidogo mno kuliko watu wa Dublin.

Askari waliohusika nimewataja kwa kazi zao tu: kamanda, mlinzi, rubani. Majina niliyoyataja ni ya wanasiasa na wakubwa ambao historia imeshawaandika. Ninakoelekea naomba niseme mapema: kambi hii haikupotelea kambini. Ilipotelea kwenye daraja la mto Lufira, na kabla ya hapo ilishapotelea mezani kwa walioamua kuituma.

Mazingira

Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, ikiongozwa na Moïse Tshombe. Nyuma ya Tshombe ilikuwapo Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyochimba shaba na kobalti na, kwenye mgodi wa Shinkolobwe karibu na Jadotville, urani. Fedha ya madini ndiyo iliyolisha jeshi la Katanga, yaani jandarmeri, lenye maafisa wa Kibelgiji na mamluki wa Kifaransa, Warodesia na wengine wa kila namna.

Februari 1961 Baraza la Usalama liliwaruhusu walinda amani kutumia nguvu, ikiwa njia nyingine zimeshindikana, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 28 Agosti wakaanza kuwakamata maafisa wa kigeni na kuwarudisha kwao. Tangu siku hiyo, kofia ya buluu mbele ya macho ya jandarmeri haikuwa tena ya msuluhishi.

Katika hali hiyo ndipo Ubelgiji ikaulalamikia Umoja wa Mataifa kwamba Wazungu wa Jadotville wako hatarini na wanahitaji ulinzi. Kikosi kilichotangulia huko kilikuwa kimeshaondolewa. Tarehe 3 Septemba ikapelekwa kombania hii, peke yake. Ilipofika ikakuta kwamba Wazungu wale hawakutaka kulindwa na Umoja wa Mataifa hata kidogo. Wengi mjini walikuwa watu wa Tshombe, na jandarmeri ndilo jeshi walilolihesabu kuwa lao. Kwa maneno mengine, askari walitumwa kuwalinda watu wasiowataka, dhidi ya jeshi ambalo watu hao walilipenda. Ukisoma kisa hiki usiliruke jambo hili. Mengi yaliyofuata yalizaliwa hapo.

Kambi yenyewe ilikuwa nyumba chache na gereji kando ya barabara iendayo Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Makao makuu ya batalioni yalikuwa huko, kama kilomita 120. Katikati kuna mto Lufira na daraja lake. Hakuna mlinda amani aliyewekwa kulishika daraja hilo.

Silaha zilikuwa bunduki za kawaida, rashasha za Vickers na za Bren, mota (vipiga makombora vidogo vya kubebeka) za milimita 60 na magari mawili ya deraya. Mizinga hawakuwa nayo. Ndege za kivita Umoja wa Mataifa wote haukuwa nazo nchini wakati huo. Wengi wa askari walikuwa vijana, wengine hawajafika miaka 20, na karibu wote hawakuwahi kupigana. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu mbichi ya Niemba, kaskazini mwa Katanga, ambako wenzao tisa waliuawa kwa kuviziwa Novemba 1960.

Mfuatano wa matukio

*Tarehe 3 hadi 12.* Kamanda wa kombania hakuipenda hali aliyoikuta. Akaamuru watu wachimbe mahandaki. Mwezi Septemba, kabla mvua hazijaanza, ardhi nyekundu ya Katanga ni ngumu kiasi kwamba sururu inadunda, na askari aliyeambiwa amekuja kulinda amani haoni kwa nini ashike sururu juani mchana kutwa. Walinung'unika, lakini walichimba, na walichimba mpaka mtu akisimama ndani anaonekana kichwa na mabega tu. Maji nayo yakakingwa katika kila chombo kilichopatikana. Huku nyuma, barabara ya Elisabethville ikaanza kuwekwa vizuizi.

*Tarehe 13.* Alfajiri, huko Elisabethville, Umoja wa Mataifa ukaanzisha operesheni iliyoitwa Morthor, ya kuteka posta, redio na ofisi muhimu. Mwakilishi wake, Conor Cruise O'Brien, akatangaza kwamba kujitenga kwa Katanga kumekwisha. Kombania ya Jadotville haikuwa imearifiwa mapema. Saa 1:40 asubuhi wengi wa askari walikuwa kwenye misa ya wazi na kasisi wao. Washambuliaji waliujua wakati huo, wakaja kwa magari wakitegemea kuwakuta mikono mitupu. Mlinzi aliyekuwa zamu aliwaona, akafyatua. Ndani ya dakika chache misa imevunjika na kila mtu yuko kwenye handaki lake.

Mashambulizi yakawa ya mawimbi. Kwanza makombora ya mota na mzinga, kisha askari wa miguu kwa mamia, kisha wanarudishwa, kisha wanajipanga upya. Mota ndogo za kombania zilipiga kwa shabaha nzuri kuliko zile kubwa za upande wa pili, na zikanyamazisha baadhi yake. Idadi ya washambuliaji hutajwa mara nyingi kuwa 3,000 au zaidi. Hata ukiipunguza nusu, bado kila mtu mmoja kambini alikabiliwa na karibu kumi.

*Ndege.* Katanga ilikuwa na ndege moja ya kivita inayofanya kazi, aina ya Fouga Magister, ya mafunzo kwa asili yake, iliyofungwa bunduki na mabomu. Ndege hiyo moja ilitawala anga ya jimbo zima. Iliishambulia kambi mara kwa mara na kuyaharibu magari ya kusafirishia. Ethiopia ilikuwa tayari kuleta ndege zake kuusaidia Umoja wa Mataifa, lakini zilihitaji kupitia Uganda, ambayo ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na ruhusa ikakawizwa mpaka haikuwa na maana tena kwa watu wa Jadotville.

*Darajani.* Msafara wa kwanza wa kuwaokoa ulitoka Elisabethville, ukafika Lufira, ukakuta jandarmeri imelishika daraja. Haukuvuka. Tarehe 16 ukatoka wa pili, wenye nguvu zaidi, ukiwa na askari wa Kigurkha wa jeshi la India. Nao ukazuiwa palepale, safari hii kwa vifo na majeruhi, kisha ukarudi ulikotoka.

*Maji.* Mabomba yalikuwa yamekatwa. Akiba iliyokingwa ikapungua siku hadi siku, watu wakikaa ndani ya mahandaki juani, mdomoni vumbi na moshi wa baruti. Helikopta moja ndiyo iliyofanikiwa kutua ikiwa imebeba maji, chini ya risasi. Madumu yaliyotumika yalikuwa ya petroli na hayakusafishwa, kwa hiyo askari waliokuwa wamesubiri maji kwa siku kadhaa wakafungua kifuniko wakakutana na harufu ya mafuta. Hayakunyweka. Helikopta nayo haikuweza kuruka tena. Rubani, raia wa Norwei, na mwenzake Mswidi wakabaki kuzingirwa pamoja na wale waliokuja kuwasaidia.

*Tarehe 16 na 17.* Pendekezo la kusitisha mapigano lilitoka upande wa Katanga, uliokuwa umepata hasara kubwa. Kamanda alikubali. Utulivu huo ukatumiwa na washambuliaji kusogea karibu na kuongeza watu. Tarehe 17, bila maji ya kunywa, risasi zikihesabika, bila habari yoyote ya msafara wa tatu, kamanda akakubali kuweka silaha chini.

Maamuzi na sababu zake

*Kuchimba.* Hakukuwa na amri ya juu iliyosema kuna vita. Kulikuwa na dalili: vizuizi barabarani, wenyeji wasiotaka kuwaona, magari ya jandarmeri yakipita na kurudi. Kamanda aliamua kuzifuata dalili badala ya kuzifuata karatasi. Bila uamuzi huu kisa chote kingekuwa aya moja, tena ya msiba.

*Kubana mzunguko.* Platuni zilikuwa zimetawanyika kufuata nyumba na barabara. Mapigano yalipoendelea zikavutwa ndani, ukabaki mzunguko mdogo ambao watu 155 wanaweza kuushika usiku na mchana kwa zamu. Kuacha handaki ulilolichimba kwa jasho na kuanza kuchimba jingine usiku ni jambo gumu kumwamuru mtu, lakini eneo kubwa lingekuwa na mianya.

*Kutotoka.* Wapo waliouliza baadaye kwa nini kombania haikujaribu kupenya na kukimbilia Lufira. Magari yalikuwa yameharibiwa, kuna majeruhi, ndege ya adui haina wa kuizuia, na mbele kuna daraja ambalo misafara miwili ya upande wao wenyewe ilishindwa kulivuka. Sijaona jibu la maana kwa hoja hizo.

*Lugha ya redio.* Walijua wanasikilizwa. Ujumbe wa siri ukatumwa kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, ambacho mamluki hawakukijua. Katika moja ya salamu zake kamanda aliwaambia makao makuu kwamba watashikilia mpaka risasi ya mwisho, na kwamba wiski kidogo ingewafaa. Utani huo umekuwa maarufu, lakini kwa afisa wa makao makuu aliyeusikia ulipaswa kusomeka kama taarifa: vifaa vinakwisha.

*Kusitisha mapigano.* Huu ndio uamuzi wenye utata. Kamanda alihitaji muda, na adui alikuwa akiomba muda uleule. Kila upande ulidhani utafaidika. Aliyekuwa na barabara ndiye aliyefaidika.

*Kujisalimisha.* Hesabu ilikuwa fupi. Kuendelea kungeongeza saa, pengine siku moja, halafu watu wangeuawa wakiwa hawana cha kufyatua. Kulinda nini? Wale waliotumwa kuwalinda walikuwa upande wa pili.

Matokeo

Walichukuliwa mateka, wakashikiliwa Jadotville na baadaye Kolwezi, wakaachiwa mwishoni mwa Oktoba 1961 katika mabadilishano ya wafungwa. Upande wa Katanga unakadiriwa kupoteza watu wapatao 300, ingawa makadirio ya aina hii hutoka kwa waliokuwa wakifyatua, hayatoki kwa waliozika. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliyekuwa safarini kwenda kuonana na Tshombe ili kusimamisha mapigano, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola. Dunia ikageuza macho kule, na Jadotville ikafunikwa.

Nyumbani, kombania ilipokelewa, kisha ikanyamaziwa. Kamanda aliwapendekeza zaidi ya 30 kati ya watu wake wapewe nishani za ushujaa. Hakupewa hata mmoja. Jina la mji likawa tusi la kambini: mtu wa Jadotville maana yake mtu aliyejisalimisha. Ilichukua zaidi ya miaka 40 jeshi la Ayalandi kulipitia upya shauri hilo na kuwasafisha, 2016 kikosi kikapewa heshima ya pamoja, na 2017 waliobaki hai na familia za waliofariki wakapewa nishani. Kamanda alikuwa amekufa 1997.

Kilichofanya kazi

Mahandaki, kabla ya yote. Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwapo, lakini vijana jasiri waliokaa nyuma ya kuta za matofali wangekufa kwa makombora ya siku ya kwanza. Vifo sifuri ni kazi ya sururu.

La pili ni nidhamu ya zamu. Karibu kambi nzima ilikuwa kwenye misa, na bado kulikuwa na jicho barabarani. Nimesikia ikisemwa kuwa waliokolewa na bahati. Mlinzi kuwa mahali pake akiwa na silaha iliyo tayari, wakati wenzake wengi wanasali, mimi siiti bahati.

La tatu ni shabaha ya silaha ndogo. Mota za milimita 60 hazikupaswa kuzishinda zile kubwa. Zilizishinda kwa sababu waliozitumia walikuwa wamefunzwa vizuri, na waliokuwa upande wa pili walisukumwa mbele na mamluki ambao wenyewe hawakukubaliana. Mashambulizi ya miguu, mizinga na ndege hayakwenda pamoja hata siku moja. Yangekwenda pamoja, tungekuwa tunaandika jambo jingine.

Kilichoshindikana

Hapa sina budi kutenganisha mamlaka. Yaliyokuwa mikononi mwa kombania, karibu yote yalifanyika. Yaliyoharibika yalikuwa mikononi mwa wengine.

Lengo halikuwapo. Kombania ilipelekwa kujibu malalamiko ya kidiplomasia. Hakuna aliyekaa akauliza: wakishambuliwa, wataondokaje? Kikosi kilichoondolewa kabla yao kilipaswa kuwa onyo la kutosha. Ukituma wachache zaidi mahali ambapo waliotangulia walishaondolewa, una deni la kueleza sababu.

Operesheni ilianza bila kuwaambia walio mbali. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Morthor ilipangwa na watu waliojua kuwa wana askari 155 ndani ya eneo la adui, kilomita 120 kutoka kwao. Ama walipaswa kuwaondoa kwanza, ama kuwapa taarifa, ama kulishika daraja siku moja kabla. Hawakufanya hata moja. Saa ambazo tangazo la ushindi lilikuwa hewani, ushindi huo ulikuwa umewaweka wenzao kwenye mzingiro.

Daraja. Kambi ya mbali haihesabiwi kwa bunduki zilizomo tu. Huhesabiwa pamoja na njia ya kuifikia. Platuni moja yenye rashasha na magari ya deraya kwenye daraja la Lufira, iliyowekwa tarehe 3 Septemba, ingegharimu kidogo kuliko misafara miwili iliyotumwa baadaye. Aliyeshika daraja hakuhitaji kuishinda kambi. Alihitaji kusubiri kiu ifanye kazi. Mwanzoni mwa Januari 1963 askari wa India wa Umoja wa Mataifa waliuvuka mto huohuo huku madaraja yake yakiwa yamevunjwa, wakaingia Jadotville. Safari hiyo ilikuwa brigedi, yenye matayarisho na ndege za kivita nyuma yake. Mto haukuwa umebadilika.

Madumu. Ni jambo dogo, ndiyo maana naliweka hapa. Mtu mmoja ghalani hakunusa dumu kabla ya kulijaza. Rubani akahatarisha maisha, helikopta ikapotea, na watu wakabaki na kiu. Msaada mmoja tu ndio uliofika kambini siku zote zile, nao ulikuwa umeharibika kabla haujapakiwa.

Kwa upande wa kombania yenyewe, lawama ninayoiona ni moja: masharti ya kusitisha mapigano hayakuwa na meno. Hayakuweka mstari ambao adui hatauvuka, wala namna ya kujua kama ameuvuka. Kamanda alikuwa amechoka na hana wa kumshauri, kwa hiyo sisemi ningefanya vizuri zaidi. Lakini ukiwa umezingirwa, kila saa ya ukimya ambayo hukuiwekea masharti ni saa ya aliyekuzingira.

Semuliki, Desemba 2017

Tarehe 7 Desemba 2017, katika eneo la Beni, Kivu Kaskazini, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki ilishambuliwa na waasi wanaodhaniwa kuwa wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Watanzania 15 walikufa na makumi wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja mapungufu katika mafunzo, uongozi na mfumo wa amri, kukosekana kwa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaondoa wakishambuliwa, na upungufu wa huduma za ndege, uhandisi na intelijensia. Nchi ileile, bendera ileile, na ukiondoa majina ya mahali unaweza kuyabandika mengi ya mapungufu hayo kwenye faili la Lufira.

Kuna tofauti moja, na wakufunzi wanaoviweka visa hivi viwili pamoja wasiifiche. Jadotville kamanda alikuwa na mlango wa mwisho. Adui yake alikuwa na serikali, na serikali hiyo ilitaka kutambuliwa na dunia. Mateka walio hai walikuwa na thamani kwake kuliko maiti. Ndiyo maana kuweka silaha chini kulikuwa uamuzi wa kijeshi wenye akili. Kambi inayokabiliana na kundi lisilo na cha kujadiliana haina mlango huo. Kwa kambi ya namna hiyo mpango wa kuwafikia na kuwatoa ndio mlango pekee, na unapaswa kuwapo, umeandikwa na umejaribiwa, kabla gari la kwanza la askari halijaondoka makao makuu.